Masizi ya Baba

Mwezi Machi mwaka 2025 mpwa wangu aliniletea ujumbe wa sauti kwa simu kutoka Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Kijana huyu alisomea uhasibu hapa nyumbani, kisha akaenda ng'ambo kutafuta maisha kama waendavyo wengi wa rika lake. Aliniamkia kwa adabu, akaulizia hali ya Unguja na habari za masika, halafu sauti yake ikashuka, mfano wa mtu azungumzaye karibu na mlango ulio wazi. "Mjomba, nimepata kibarua kwa mkulima mmoja wa huku anayepika shira. Kazi yangu kubwa ni kusugua masizi. Nakuomba sana, usimwambie mama."

Shira aliyoitaja si hii yetu ya kaimati. Huko kuna mti uitwao mepo, ambao jani lake ndilo lililomo katika bendera ya Kanada. Majira ya baridi yanapoelekea ukingoni, usiku maji yakiganda na mchana yakiyeyuka, watu hutoboa shina la mti huo na kukinga utomvu wake, nao ni mwepesi kama maji, una utamu wa kusingizia tu. Yahitajika lita 40 hivi za utomvu ili ipatikane lita 1 ya shira. Zilizobaki zote sharti ziondoke kwa mvuke. Kwa hivyo kazi yenyewe hasa ni ya moto. Karai lao ni refu, na sehemu ya chini yake imekunjwa marinda kama sketi ya mwanafunzi, ili ndimi za moto zipite katikati ya marinda hayo na joto liyafikie maji pande zote. Humo ndimo masizi yanamoota. Moto ukishazimwa na karai likapoa, sharti apatikane mtu wa kuinama na brashi ndefu, asugue rinda moja baada ya jingine. Mtu huyo mwaka ule alikuwa mpwa wangu, mwenye shahada yake.

Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu, nimekaa barazani kwangu. Kijana alikuwa akinitaka nimfichie siri, naye hakujua kwamba alikuwa amebisha hodi katika siri yangu mimi, kubwa kuliko yake na kongwe zaidi, nayo ilihusu masizi vilevile.

Baba yangu alikuwa Mnyaturu wa Singida. Katikati ya miaka ya 1950, angali kijana, alishuka Dodoma na kuajiriwa katika banda la vichwa vya treni. Reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma tangu mwaka 1910, wakati wa Wajerumani, ikaendelea hadi Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baba hakujua kusoma. Kazi aliyopewa ilikuwa ya chini kabisa katika ngazi ya bandani, nayo ni kusafisha. Vijana walioanza pamoja naye walipanda, mmoja akawa mchochea moto, mwingine dereva. Yeye alibaki pale pale, kwa kuwa kila daraja la juu lilikuwa na karatasi yake ya kusomwa.

Kiswahili kimeliita chombo kile gari la moshi, na jina hilo lina haki yake. Lakini moshi ndio uliokuwa adui wa gari lenyewe. Ndani ya tumbo la kichwa cha treni mlikuwa na tanuri upande wa nyuma na chumba cha moshi upande wa mbele, na kati yao yakapita mabomba zaidi ya mia, yamelala sambamba kama mafungu ya matete, yamezungukwa na maji. Moto ulivutwa kupita ndani ya mabomba hayo hadi kwenye dohani, na njiani ulikabidhi joto lake kwa maji. Sasa masizi ni kitu gani? Ni kaboni iliyotoka motoni bila kuungua sawasawa. Yakijibandika ndani ya bomba, husimama kati ya moto na maji kama blanketi. Tanuri hulia kwa moto, mafuta huteketea, na maji huchelewa kuchemka. Mvuke hupungua, na kichwa cha treni huchoka kama mnyama mwenye pumu.

Baba alikuwa akiingia humo. Kichwa kikishapoa, mlango wa mviringo wa mbele hufunguliwa, naye hujipenyeza katika chumba cha moshi, ambamo mtu mzima hawezi kusimama sawasawa. Alikuwa na fito ndefu ya chuma yenye brashi ya waya nchani. Huisukuma ndani ya bomba mpaka itokeze upande wa tanuri, huivuta, huhamia bomba la pili. Baada ya mabomba ishirini, alisema, yote huwa na sura moja, na jicho likishaingia vumbi haliwezi tena kujua lipi limesafishwa na lipi bado. Kwa hiyo alikuwa na desturi yake, ambayo sijui kama alifundishwa au aliibuni mwenyewe. Alikwenda na kipande cha chaki, na kila bomba alilolimaliza alilitia alama nyeupe mdomoni. Mtu asiyejua kusoma, mfukoni mwake hamkukosekana chaki.

Vichwa vikubwa vya siku zile vilikuwa vile vya daraja la 30, vilivyoundwa Glasgow, Uskochi, mwaka 1955 na 1956. Vilifungiwa tangi kubwa nyuma kwa sababu nchi ya kati ni kame, na kutoka maji hadi maji ni mwendo. Vilipewa majina ya makabila ya Tanganyika. Nambari 3020 kiliitwa Nyaturu. Baba hakuweza kulisoma jina lile, lakini aliambiwa, na alilijua umbo lake kama mtu anavyoijua chapa ya ng'ombe wake. Siku alizokisafisha hicho, alirudi nyumbani na kumwambia mama, "Leo nimelala tumboni mwa Mnyaturu mwenzangu." Mama, ambaye ni Mgogo, alimjibu kwamba angalipewa kichwa cha Kigogo angalitoka msafi zaidi.

Wawili hao walikuwa na ugomvi wao wa kudumu juu ya masizi, na kwa kuwa ndio ugomvi pekee wa nyumbani kwetu uliokuwa na elimu ndani yake, nitausimulia. Mama hakupenda kusugua matako ya chungu. Alisema chungu cheusi hushika moto upesi, na mwanamke anayekifanya king'are hupikia macho ya majirani. Baba alisema la, masizi ni mwizi wa kuni, na kuni za Dodoma hufuatwa mbali. Nilikuja kutambua baadaye kwamba wote wawili walikuwa na haki. Utando mwembamba mweusi hupokea mng'aro wa moto vizuri kuliko chuma king'aacho. Bali utando ukishakuwa mnene na kufanya magamba, huzuia joto lisipite. Mpaka wao ulikuwa katika unene tu. Hawakupatana hata hivyo, na sufuria zetu ziliendelea kuwa nyeusi siku za kazi na nyeupe Jumapili, siku ambayo baba alikuwa nyumbani.

Jumapili hizo hizo alinichukua tukaenda korongoni kuteka mchanga. Wasiopata kuishi bara hawayajui makorongo ya Dodoma: ni mito ya siku chache, hufurika mvua ikinyesha, kisha huwa njia za mchanga mwaka mzima. Tuliuchekecha, tukauanika juu ya gunia mpaka ukawa mkavu wa kumiminika kama mtama. Mimi nilidhani wote ni wa sufuria za mama. Siku moja nikamwuliza mbona ni mwingi hivi. Akaniambia kwamba sehemu ndogo ni ya mama, sehemu kubwa ni ya Saranda.

Kutoka Dodoma kwenda magharibi, reli hupita Bahi na Kintinku katika tambarare ya Bonde la Ufa, kisha huikuta ngazi ya bonde lenyewe, na kuanzia hapo hupanda kupitia Saranda mpaka Manyoni. Vichwa vile vilikuwa vimekwisha kuacha kuni na kuchoma mafuta mazito meusi, na mafuta hayo huzaa masizi upesi, hata bomba lililotoka Dodoma safi huweza kuwa limeziba kabla ya nusu ya safari. Huwezi kumwingiza mtu tumboni mwa chombo kinachokwenda. Basi mchochea moto huchota mchanga mkavu kwa koleo dogo na kuurusha tanurini kupitia kitundu cha mlango. Mvuto wa moto huunyakua mchanga, ukapita nao katika kila bomba kwa kasi, ukayakwangua masizi kama msasa, na dohani ikatapika wingu jeusi la kutisha. Ukiliona wingu hilo kwa mbali utadhani kuna ajali. Kumbe gari linakohoa ili lipumue.

Lakini mchanga, alisema baba, huondoa masizi ya leo tu. Ya jana na ya juzi, yaliyokwisha kushika, yalihitaji fito na mkono. Dereva aliyeondoka Dodoma na mabomba yaliyosuguliwa nusunusu angeligundua jambo hilo mlimani, usiku, mabehewa yakiwa yamejaa watu wamelala, mshale wa mvuke ukishuka kidogokidogo. Abiria asingelijua lolote, isipokuwa kuamka asubuhi na kuona bado yuko palepale.

Haya yote nilikuwa nayajua nikiwa na miaka kumi. Nasema hivi kwa makusudi, ili asitokee mtu wa kunitetea kwamba nilikuwa mtoto na sikuelewa kazi ya baba.

Ilikuwa mwaka 1970. Darasani mwetu mlikuwa na watoto wa makarani, wa wauguzi, wa wafanyabiashara wa mjini. Siku moja tuliulizwa kazi za wazazi wetu, na mimi nilisema baba yangu ni dereva wa treni. Neno lilitoka jepesi kabisa. Wenzangu walinitazama kwa macho mapya, na tokea siku hiyo nikawa mtaalamu wa safari za Kigoma ambazo sikuwahi kusafiri. Wiki chache baadaye nilisahau daftari nyumbani. Wakati wa mapumziko tukicheza uwanjani, nikamwona baba anakuja, ametoka kazini moja kwa moja, hakupata nafasi ya kunawa. Alikuwa mweusi wa weusi usio wake. Weupe ulikuwa katika macho, katika meno, na katika vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyoshika chaki. Daftari alilifunga katika kipande cha gazeti, asije akalichafua.

Mmoja wa wenzangu akauliza, "Nani yule?"

Nikasema, "Mtu wa bandani. Katumwa na baba."

Alikuwa amekwisha kunifikia. Alisikia. Mimi sikumwamkia. Msomaji wa visiwani na wa bara pia anajua maana ya mtoto kusimama mbele ya mzazi wake na kinywa chake kisitoe shikamoo. Hakuna tusi linaloizidi. Baba alinitazama kwa muda, siwezi kusema ni mrefu au mfupi, kisha akaninyoshea lile daftari katika gazeti lake na kusema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa, "Baba yako amesema usisahau tena."

Akageuka, akaenda zake.

Jioni alirudi, akanawa kwa muda mrefu kama siku zote, akala. Hakusema kitu. Nami nilingoja kipigo siku ya kwanza, na ya pili, na wiki nzima, hata nikaja kutambua kwamba hakitakuja. Jumapili hakuniita kwenda korongoni. Alikwenda peke yake na debe lake, na baada ya hapo alikwenda peke yake daima.

Uongo ule ulipata makao. Niliuchukua nikaenda nao chuo cha ualimu, na baadaye nikavuka nao bahari kuja Unguja, nilikooa na kuzeekea. Dada yangu alizaliwa mwaka 1972. Alipopata akili vichwa vya dizeli vilikuwa vimekwisha kushika njia, na baba amehamishiwa ulinzi wa stesheni. Alikuwa akiniuliza mimi, kaka mkubwa, baba alikuwa akifanya nini zamani. Nikamwambia alikuwa dereva. Mara moja alimwuliza baba mwenyewe mbele yangu kama ni kweli alikuwa akiendesha treni mpaka Kigoma. Baba alinitazama kama alivyonitazama uwanjani. Akasema, "Kaka yako anakumbuka vizuri kuliko mimi." Alifariki mwaka 1988, na katika maziko yake nilisikia watu wasiojua wakimsifu kwa udereva.

Mwaka 2012 shughuli za ualimu zilinipeleka Nairobi, na siku ya mapumziko nikaingia katika makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Vichwa vya mvuke vimesimama nje, juani, juu ya vipande vya reli visivyokwenda popote. Nilitembea katikati yao bila haraka, kama mtu anayepita makaburini akisoma majina, na ghafla nikaona nambari: 3020. Ubavuni, Nyaturu.

Nilikuwa sijawahi kukisogelea kitu kile nikiwa mtu mzima. Nilipokuwa mtoto nilikiona kirefu kama mlima. Sasa nilikiona kirefu vilevile. Nilikwenda mbele, nikasimama chini ya ule mlango wa mviringo. Nilipima kwa macho. Mtu mwenye mabega ya baba angeliweza kupenya, lakini ingelimbidi aingize mkono mmoja kwanza, kisha kichwa, kisha ajikunje upande. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo la mabega. Nilipitisha kidole katika ukingo wa mlango nikitumaini masizi, kikatoka na kutu. Watoto wa shule waliokuwa na mwalimu wao walinisogelea, wakasoma jina kwa sauti, na mmoja akamwuliza mwalimu Nyaturu ni nani. Mwalimu akasema ni kabila la Tanzania. Jibu lilikuwa sahihi, nami nilitaka sana kuliongeza neno, nikashindwa kwa sababu neno lenyewe lilikuwa limeshikana na jingine, na lile la pili sikuwa tayari kulisema hata kwa watoto wa watu nisiowajua.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam, nami nikaipanda mwishoni mwa mwaka huo kwenda kuzuru makaburi. Nilivaa shati jeupe kwa ukaidi. Safari iliyokuwa ikila usiku kucha ilikwisha kwa saa chache, na shati likafika jeupe. Dohani hamna, mchochea moto hamna. Watu bado wengine huita garimoshi, ulimi haujapata habari. Lakini niliposhuka nilimwona kijana mmoja amepiga magoti ukingoni mwa jukwaa, ndoo pembeni, akifuta kioo cha mbele kilichojaa wadudu waliokufa njiani. Abiria walipita. Nami pia nilikuwa nimekwisha kumpita hatua tatu, nikarudi nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa." Aliniitikia kwa mshangao, asijue deni hilo ni la nani.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo barazani, simu mkononi, ombi la mpwa wangu likinisubiri. Ningeliweza kumjibu kwa maneno ya wazee: kazi ni kazi, hakuna kazi ya aibu. Nimewahi kuwaambia hivyo wanafunzi wangu miaka mingi, huku nikiwa mtu wa mwisho kuwa na haki ya kulisema. Nilimpigia. Kwao ilikuwa asubuhi. Nikamwambia, "Babu yako hakuwa dereva wa treni. Alikuwa akisugua masizi." Kisha nikamweleza lote, la uwanjani pia, na daftari, na gazeti.

Alinyamaza hata nikadhani simu imekatika. Nilijiandaa kwa lawama, nami nilikuwa nimezistahiki. Badala yake akauliza, "Mjomba, alikuwa akiweka alama? Maana mimi nikifika katikati nasahau nilikoanzia, naishia kusugua rinda moja mara mbili na jingine nikaliacha."

Nikamwambia habari ya chaki.

Wiki ya pili yake aliniletea picha. Karai limepinduliwa juu ya magogo mawili, nyuma yake theluji, na katika kila ukingo wa rinda pana kistari cheupe. Chini ya picha aliandika kwamba nimwambie mama sasa, yote mawili, la kwake na la babu. Nilimwahidi. Mara mbili nimempigia simu dada yangu tangu siku ile, tukazungumza bei ya mchele na magoti yake yanayomuuma, na mara zote mbili nikaaga.

Dada yangu huletewa jarida hili Dodoma kila linapotoka.